Waliochora Peugeot 504 na Ferrari: Kwa nini Pininfarina iliishia kuuzwa?

Kama umri umesogea kidogo, Peugeot 504 unaikumbuka. Ile "Pijo" ndefu ya safari za mbali, abiria wamebanana mpaka nyuma, mizigo juu. Ndiyo iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978.

Gari la Mfaransa, sawa. Lakini umbo lake lilichorwa Turin, Italia, na kampuni inayoitwa Pininfarina. Na yaliyoikuta kampuni hiyo yanazua swali ambalo hata sisi linatuhusu: faida ya gari anakula nani hasa? Anayelichora, anayeliunda, au mwenye nembo iliyo mbele?

Ilianza na karakana

Battista Farina alizaliwa mwaka 1893, mtoto wa 10 kati ya 11. Nyumbani walimwita Pinin, yaani "mdogo" kwa lugha ya kwao Piedmont. Alijifunza kazi kwenye karakana ya kaka yake, kisha mwaka 1930 akafungua ya kwake. Mwaka 1961 jina la utani na la ukoo yakaunganishwa kisheria: Pininfarina.

Kazi yenyewe unaijua. Ni kama wajenzi wa bodi za mabasi na matatu: chasi na injini vinatoka kwa kampuni kubwa, bodi inajengwa na mafundi wengine kabisa. Enzi hizo hata magari madogo ya wenye pesa yalitengenezwa hivyo, bati likigongwa kwa mkono.

Na Pinin alikuwa na jicho. Gari lake la Cisitalia 202 la mwaka 1947 liliwekwa kwenye maonyesho ya jumba la sanaa la MoMA, New York, mwaka 1951. Muda si mrefu Ferrari nao wakabisha hodi, na kwa takriban miaka 60 Ferrari nyingi zilichorwa hapo.

Mtego wa kazi ya mkataba

Baadaye teknolojia ikabadilika. Kampuni kubwa zikaanza kutengeneza magari ambayo bodi na chasi ni kitu kimoja. Karakana nyingi zikafa.

Pininfarina ikaponea kwa njia mbili. Ya kwanza, kuuza michoro. Ya pili, kuunda magari ya idadi ndogo ambayo kampuni kubwa ziliona ni usumbufu: Alfa Romeo Giulietta Spider, Fiat 124 Spider, Peugeot 406 Coupé. Kuanzia miaka ya 1980 bodi za Cadillac Allanté zilipakiwa kwenye ndege kutoka Turin hadi Detroit. Ndiyo, bodi za magari zilipanda ndege!

Tatizo ni moja: karibu magari yote hayo hayakuwa yao. Mwenye nembo akisema basi, kiwanda kinasimama.

Na wakasema basi. Viwanda vya kisasa vikaweza kuunda aina nyingi za magari kwenye mstari mmoja, hivyo haja ya kumpa mtu wa nje ikapungua. Kampuni nyingi zikaajiri wachoraji wao wenyewe. LaFerrari ilipotoka mwaka 2013, Pininfarina haikuichora.

Mwaka 2008 uliwakuta na madeni mazito huku uchumi wa dunia ukiyumba. Agosti mwaka huohuo, bosi wao Andrea Pininfarina, mjukuu wa mwanzilishi, akafariki kwenye ajali akiwa na pikipiki yake ndogo. Mwisho wa 2010 mkataba wa kuunda magari ya Alfa Romeo ukaisha, na uundaji wa magari kwa wingi ukaisha nao.

Desemba 2015 kampuni ya Mahindra ya India ikakubali kununua asilimia 76 ya hisa kwa takriban euro milioni 25. Kwenye soko la mpira Ulaya, hiyo ni bei ya mchezaji mmoja.

Hawakuwa peke yao

Ghia ilishamezwa na Ford mwaka 1970. Bertone, waliotoa Lamborghini Miura na Countach, walifilisika mwaka 2014.

Tuwe wakweli, Mahindra waliiokoa Pininfarina. Mwaka 2019 likaonyeshwa gari la umeme la Battista, lenye nguvu za farasi 1,900 na jina la mwanzilishi. Safari hii nembo iliyo mbele ni ya kwao. Ila pesa ni za mwingine.

Na sisi?

Viwanda vya Mombasa na Thika vinaunganisha magari yenye nembo za watu wengine. Ni kazi halali na inalisha familia nyingi. Lakini Turin walikuwa na mafundi bora duniani, wachoraji wa kusifika na wateja kama Ferrari, na bado mkataba ulipokatika hawakuwa na gari lao la kuuza.

Pengine wa kujiuliza zaidi ni wajenzi wetu wa mabasi, kwa sababu wao wanajichorea bodi. Siku mwenye chasi akiamua kuleta basi likiwa kamili, bei nafuu na mkopo juu, karakana itabaki na nini mkononi?