Kompyuta Mkononi, Jedwali Kichwani



Fungate za Unguja na Pemba siku hizi zina jambo jipya: bibi harusi na mumewe wanasomea kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa, wanapata cheti, kisha wanaulizana watumie jedwali au wakodi kompyuta ya kuvaa mkononi. Maoni yetu ni haya: vaa kompyuta, lakini jifunze jedwali kwanza.

Huko chini tunavuta hewa yenye mgandamizo, na naitrojeni inaingia mwilini. Ukikaa sana au ukipanda mbio, inageuka mapovu, kama soda iliyofunguliwa ghafla. Mapovu hayo huumiza viungo na yanaweza kupoozesha. Ndiyo maana mwaka 1908 John Scott Haldane na wenzake walitoa majedwali ya kupandia kwa usalama, baada ya kujaribu kwa mbuzi. Jedwali la PADI linampa mpiga mbizi dakika 56 kwenye kina cha mita 18, na dakika 20 tu kwenye mita 30.

Kasoro yake ni kuhesabu kana kwamba muda wote ulikaa kwenye kina kikubwa ulichofika. Kompyuta inapima kina chako kila baada ya sekunde chache, na inakuonya ukipanda kwa kasi. Kwa anayeanza, hiyo ni neema.

Lakini kompyuta ni ya mtu mmoja. Ndoa ni kushirikiana, ila si katika hili: mume akishuka mita tatu chini yako, hesabu yake si yako. Msiazimane mbizi ya pili. Na aliyesoma jedwali haikodolei macho skrini tu. Anajua dakika zinatoka wapi, na betri ikizima anajua kwa nini apande taratibu na kumaliza mbizi hapo.

Kuna pia yasiyojulikana na chombo chochote. Majedwali ya zamani ya jeshi la majini la Marekani yalijaribiwa kwa wanaume, na kompyuta haijui kama siku zako zimechelewa. Ushauri wa madaktari wa mbizi ni kwamba mwenye mimba, au anayeitafuta, asizame kabisa. Bibi harusi, hili linakuhusu. Sema "leo sizami," wala hudaiwi maelezo.

Tena kuna safari ya kurudi. Chukua dada anayerudi Kewanja, kule Tarime: atapanda ndege hadi Mwanza, kisha gari. Shirika la DAN linashauri kusubiri angalau saa 12 kabla ya kuruka baada ya mbizi moja ya kawaida, na saa 18 baada ya mbizi kadhaa. Nyumbani kwenyewe ni zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Basi siku ya mwisho ya fungate iwe ya Mji Mkongwe na Forodhani, si ya mtungi.

Tawakali ni baada ya kumfunga ngamia. Kabla ya kulipa, mwombe mwalimu akusomeshe jedwali mpaka ulielewe, kisha kodini kompyuta mbili, si moja.

Allah awahifadhi, juu na chini ya maji. Amin.