Saa ya Kiswahili haina kosa, acheni kuisingizia

Nimekuwa kimya wiki mbili, mitihani imenikalia kooni, mnanielewa. Leo nimekaa zangu kwenye kimbweta na nina hasira kidogo, nivumilieni.

Mshikaji wangu mmoja yuko London anasoma masta. Juzi tunachati akaniambia eti saa ya Kiswahili ni ya kijijini, tuitupe, tuhesabu kama wenzetu. Saa tatu asubuhi tuiite saa tisa, basi. Na hapa chuoni wapo kibao wanaomuunga mkono. Mimi nakataa.

Hebu tuanzie kwenye jua. Hapa Dar jua linachomoza jirani na saa 12 asubuhi mwaka mzima, na tofauti ya mchana mrefu na mfupi haifiki saa nzima. Sasa kwa nini nianze kuhesabu siku katikati ya usiku nikiwa nimelala? Kukipambazuka tunaanza moja, mbili, tatu. Hata Waethiopia wanahesabu hivyo hivyo, na hakuna aliyewafundisha ushamba.

Kwa huyo jamaa ni habari nyingine kabisa. London mwezi Juni mchana unazidi saa 16, Desemba haufiki saa 8, na jua linazama kabla ya saa 10 alasiri. Wangehesabu kutoka alfajiri wangechanganyikiwa wote! Kaskazini mwa Norwei ndiyo usiseme, jua halichomozi kabisa kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Kwa hiyo saa yao inawafaa wao, siwacheki. Ila hata wao inawasumbua: tangu 1916 wanasogeza mishale, Machi mbele, Oktoba nyuma. Ndiyo maana huyu bwana kuna miezi tunapishana naye saa 2 na kuna miezi saa 3. Mimi wa kijijini sijagusa saa yangu hata siku moja.

Nakubali yetu nayo ina viraka vyake. Nchi nzima tuna saa moja, lakini Kigoma iko mbali magharibi, na mwezi Julai saa 1 kamili asubuhi jua la kule bado halijachomoza wakati wa Dar tunalo muda tu. Bujumbura, palepale jirani na Kigoma, wako saa 1 nyuma yetu. Lakini hilo ni la mipaka na serikali, halihusiani na Kiswahili.

Kilichonipandisha hasira hasa ni hiki. Mwenzangu wa chumba aliitwa usaili wa ufadhili, ofisi siitaji. Alipigiwa simu, tena kwa Kiswahili, akaambiwa "njoo saa tisa." Akapiga pasi shati, akapanda daladala, akafika saa tisa kasoro robo alasiri. Akakuta wameshafunga tangu asubuhi! Aliyepiga alikuwa anasoma 9:00 kwenye kompyuta na kuitamka kama ilivyo. Halafu wakamwambia ndiyo matatizo ya saa zenu za Kiswahili.

Jamani! Aliyeharibu ni nani hapo? Saa tisa kwa Kiswahili ni alasiri, inajulikana Mtwara mpaka Mwanza. Yule dada alichukua namba ya Kiingereza akaivalisha kanga. Sasa tukifuata ushauri wa mshikaji wangu ndiyo kila mtu atakuwa hivyo: bibi anasema saa tisa yake, mjukuu saa tisa yake, na basi la mkoani limeondoka.

Mnaofanya ofisini nawaomba kitu kidogo tu. Kama karatasi imeandikwa 9:00 na unaongea Kiswahili, sema saa tatu asubuhi. Hilo neno "asubuhi" usilimeze, halilipiwi.

Mwenzangu ameandika barua kuomba asailiwe upya. Wiki ya pili hii, hawajajibu.