Mkwawa akiimbwa Madibira, nani atavaa minyororo?

Na Lukelo Msigala

Usiku wa Desemba 24, 1871, jijini Cairo, mateka wa Ethiopia walipitishwa mbele ya Farao huku tarumbeta zikilia. Ilikuwa opera: Aida ya Giuseppe Verdi, Mwitaliano, na ndiyo kwanza inaonyeshwa duniani.

Opera ni tamthilia inayoimbwa, mara nyingi mwanzo hadi mwisho, nyuma yake kukiwa na okestra. Aida ni binti wa mfalme wa Ethiopia aliyetekwa akawa mtumwa Misri, akampenda Radames, jemadari anayetumwa kuipiga nchi ya baba yake. Kwa kazi hiyo mtawala wa Misri, Khedive Ismail, alimlipa Verdi faranga 150,000. Onyesho lilichelewa kwa sababu mavazi na mandhari vilikwama Paris, mji ukiwa umezingirwa na jeshi la Prussia. Verdi hakwenda. Alinung'unika kuwa Cairo walialikwa wakubwa na wahakiki, raia wa kawaida hawamo. Kwake onyesho hasa lilikuwa la Milan, Februari 8, 1872.

Mimi kinachonikaa akilini ni kilichofuata. Unaweza kudhani Ismail alinogewa. Mwaka 1875 alipeleka jeshi la kweli Ethiopia, likasagwa Gundet mwezi Novemba. Akapeleka jingine, Machi 1876 Mfalme Yohannes wa Nne akalivunja Gura. Katikati ya hayo meli zake zilishuka hadi Kismayu, mji wa Sultani Barghash wa Zanzibar, zikaondoka baada ya Waingereza kukunja uso. Madeni yalikuwa yamemfika shingoni; hisa zake za Mfereji wa Suez aliziuza kwa Uingereza mwaka huohuo wa 1875. Mwaka 1879 akaondolewa madarakani, na alikokimbilia ni Naples, Italia! Verdi hakuandika sehemu ya pili, ingawa aliishi hadi kusikia habari za vita vya Adwa, Machi 1896, Waethiopia walipowashinda Waitaliano wenyewe.

Sasa tuje kwetu. Mwaka mzima nasikia watu wakisema Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, anastahili onyesho kubwa. Naafiki. M. M. Mulokozi alishamwandikia tamthilia, Mukwava wa Uhehe, lakini kusoma darasani si kuimbiwa. Waimbaji tunao. Kwaya za huku Madibira, za parokia na za usharika, zinapanga sauti nne kwa kusikia tu, na mpunga ukishauzwa hazikosi fedha ya sare mpya na ya studio. Mwaka mmoja sare zingesubiri.

Lugalo ingetosha kufungua pazia: Agosti 17, 1891, Wahehe wanaumaliza msafara wa kijeshi wa Mjerumani Zelewski. Hapo kila mtu atasimama na kupiga vigelegele. Ila tukiishia hapo tutakuwa tumeiga Ismail, kulewa ushindi wa jukwaani. Oktoba 1894 ngome ya Mkwawa ya Kalenga ilianguka, na mwaka 1898 mwenyewe alijiua asishikwe. Hayo nayo yaimbwe.

Na kuna jambo ambalo Iringa mjini huwa halisemwi, ila Madibira huwezi kulikwepa. Hili ni bonde la Usangu. Kabla ya Mjerumani, Wahehe waliwafurusha Wasangu kwao, na chifu wao, Merere, alirudi baada ya kushikana mkono na Wajerumani. Kwaya yoyote ya hapa ina Wahehe na Wasangu kwenye benchi moja. Mkurugenzi atakapogawa nafasi za mateka, atamtazama nani?

Verdi, pamoja na fedha ya Khedive mfukoni, nyimbo nzuri kuliko zote alimpa mateka, Aida, siyo Farao. Kwa hiyo Merere asiletwe jukwaani kuzomewa kama msaliti kisha akatolewa. Apewe wimbo wake, mrefu, wa besi, aeleze mwenyewe kwa nini alichagua Wajerumani. Na wimbo huo autunge Msangu.