Kiwanja Badala ya Mshahara

Mnara wa taa wa Heceta Head, katika pwani ya jimbo la Oregon nchini Marekani, uliwashwa mara ya kwanza mwaka 1894. Walinzi wake walikuwa waajiriwa wa serikali. Usiku walipanda ngazi kuitazama taa, mchana walisugua vioo, na kwa kazi hiyo walipokea mshahara. Nyumba walijengewa palepale mlimani. Mwaka 1963 taa ikafanywa ijiendeshe yenyewe, walinzi wakaondoka. Leo nyumba yao inapokea wageni wanaolipia malazi na kifungua kinywa. Anayesimama chini ya mnara kuwasimulia watalii habari za walinzi hao mara nyingi ni mstaafu asiye na mshahara wowote, na usiku analala ndani ya gari lake mwenyewe.

Gari hilo Wamarekani wanaliita RV. Ni nyumba iliyotiwa magurudumu, iwe na injini yake au iwe trela ya kukokotwa: kitanda, jiko, friji, choo, na tangi la maji machafu chini ya sakafu. Hifadhi inampa mwenye gari kiwanja cha kuegesha, maji, umeme, na penye bahati bomba la majitaka. Yeye anatoa kazi. Hifadhi za jimbo la Florida hudai angalau saa 20 kwa wiki. Oregon humtaka mtu akae mwezi mmoja au zaidi. Hifadhi za taifa nazo zina sheria ya kupokea wanaojitolea tangu mwaka 1970. Fedha haipiti mkononi mwa yeyote.

Swali linaloulizwa ni kama huku ni kujitolea kweli au ni ajira iliyovuliwa mshahara. Watetezi hujibu kwa kuonyesha furaha ya wenye magari: wanapenda bahari, wanarudi kila mwaka, hakuna aliyewalazimisha. Yote hayo ni kweli, na hayatoshi. Kwa maoni yangu jibu liko kwenye kazi yenyewe, si kwenye moyo wa anayeifanya, na kwa kipimo hicho hifadhi zimejipendelea.

Tuanze na upande wenye heri. Mwaka 1913 Gavana Oswald West alipitisha sheria iliyofanya ufuko wa Oregon kuwa barabara kuu ya umma. Mwaka 1967, chini ya Gavana Tom McCall, sheria nyingine ikahakikisha haki ya kila mtu kutumia mchanga mkavu pia. Matokeo yake ni kilomita zaidi ya 580 za pwani ambazo hoteli haiwezi kuzizungushia ukuta. Mali ya wote inahitaji macho mengi. Kuna ndege mdogo wa rangi ya mchanga anayetaga juu ya ufuko mkavu, anayelindwa na sheria ya nchi tangu mwaka 1993. Kuanzia katikati ya Machi hadi katikati ya Septemba sehemu za ufuko huzungushiwa kamba kwa ajili yake. Mtu aliyeendesha gari kwa saa tatu akiwa na mbwa wake hafurahii kuiona kamba hiyo. Anahitaji kukutana na binadamu mwenye subira, amweleze kwamba yai analoweza kulikanyaga halionekani. Mwalimu mstaafu wa baiolojia aifanyaye kazi hiyo kwa mapenzi yake anaifanya vizuri mno, na sioni sababu ya kumwandikia hundi.

Lakini kambini kuna kazi za namna nyingine. Kila kiwanja kina pete ya chuma ya kukokea moto. Wageni wakiondoka, mwenyeji wa kambi, yaani mwenye gari anayejitolea, huja na koleo na ndoo. Jivu la pwani ni zito kwa unyevu. Ndani yake mna karatasi za alumini, vifuniko vya chupa, na misumari ya mbao za mizigo ambazo watu wamezichoma kinyume cha kanuni. Hupitisha mkono juu ya jivu kwanza, maana kaa linaweza kuwa hai chini. Akimaliza pete moja anakwenda ya pili, na kambi kubwa za pwani zina viwanja zaidi ya mia. Kisha kuna yurti, yale mahema ya duara yenye mlango wa kufunga kwa ufunguo ambayo hifadhi za Oregon zilianza kuyakodisha mwaka 1994. Mgeni wa jana anatakiwa atoke saa 7 mchana, mgeni wa leo anaingia saa 10 jioni. Katika saa hizo tatu kila yurti ifagiliwe, magodoro yafutwe, mchanga utolewe. Mchanga haumaliziki. Hakuna mtalii anayetaka kusimuliwa historia ya kazi hiyo. Anataka aikute imekwishafanyika, kwa sababu amelipa.

Hapo ndipo ninapoweka mstari. Hifadhi ikikodisha hema, inafanya biashara, na anayelisafisha anafanya kazi ya biashara hiyo.

Sheria ya Marekani iliwahi kulisema jambo hili kwa ukali. Mwaka 1985 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya taasisi moja ya kidini, Tony and Susan Alamo Foundation, iliyoendesha vituo vya mafuta, maduka ya nguo na ufugaji wa nguruwe kwa kutumia wafuasi wake. Wafuasi walipewa chakula, mavazi na malazi tu. Walifika mahakamani wenyewe wakasema hawataki mshahara, wanamtumikia Mungu. Majaji kwa kauli moja walisema chakula na malazi vile vilikuwa mshahara kwa sura nyingine, kwa hiyo sheria ya kima cha chini cha mshahara ya mwaka 1938 iliwahusu. Hiari ya mfanyakazi haikuiokoa taasisi. Kabla mwaka huohuo haujaisha, Bunge likaandika kwamba anayejitolea kwa taasisi ya serikali haingii katika sheria hiyo hata akirudishiwa gharama au akipewa manufaa ya kiasi. Kiwanja cha gari kimekaa ndani ya maneno hayo, manufaa ya kiasi. Kwa hiyo hifadhi haivunji sheria. Inafaidi msamaha ambao mwenye kituo cha mafuta hawezi kuupata.

Tupige hesabu. Tuseme kiwanja chenye maji na umeme kinakodishwa kwa dola 35 kwa usiku. Kwa siku 30 ni dola 1,050. Mume na mke wanaoishi katika gari moja, kila mmoja akifanya saa 20 kwa wiki, watakuwa wametoa saa 172 hivi. Inakuja dola 6 na senti 10 kwa saa. Kima cha chini cha serikali kuu kimekwama kwenye dola 7.25 tangu mwaka 2009, na Oregon imepita dola 13 hata katika wilaya zake za mashambani. Ila hifadhi zikiandika ripoti za kusifu programu zao, kuna namba nyingine ya kuchukua. Shirika la Independent Sector lilikadiria saa moja ya kujitolea kwa mwaka 2023 kuwa na thamani ya dola 33.49, na taasisi nyingi huizidisha kwa jumla ya saa zao zinapoomba ruzuku. Saa ileile ina bei mbili, kutegemea nani anaulizwa.

Mtetezi makini atasema kiwanja kina thamani isiyoonekana kwenye bei, na hapa ana hoja kubwa kuliko anavyodhani. Mgeni wa kawaida katika hifadhi za Oregon haruhusiwi kuzidisha usiku 14 katika kila 17. Mwenyeji wa kambi anakaa mwezi, miezi. Anacholipwa hasa ni ruhusa ya kubaki. Kwa mstaafu mwenye nyumba Portland, ruhusa hiyo ni likizo ndefu. Kwa aliyeuza nyumba ili aishi garini, au ambaye hakubakiwa na nyumba ya kuuza, ndiyo anwani yake. Kitabu cha Jessica Bruder, Nomadland, cha mwaka 2017, kiliwaleta watu hao mbele ya macho ya wengi, na filamu iliyotokana nacho ikachukua Oscar ya filamu bora mwaka 2021. Nje ya lango la hifadhi hali imezidi kubana. Juni 2024, katika kesi iliyotoka mji wa Grants Pass, uliomo Oregon hiyohiyo, Mahakama ya Juu iliruhusu miji kuwaadhibu wanaolala katika maeneo ya umma hata kama hawana pengine pa kwenda. Basi mtu yuleyule, kwenye gari lilelile, anaweza kupigwa faini kandokando ya barabara na kushukuriwa akivaa kizibao cha hifadhi. Ukiwa katika nafasi hiyo, unakuwa huna sauti ya kukataa yurti ya ziada.

Fomu za makubaliano ya serikali kuu zinasema upande wowote waweza kuyavunja wakati wowote. Ni kweli kwamba wanaojitolea katika hifadhi za taifa hulipwa fidia wakiumia kazini, hilo lisifichwe. Lakini mwenye kiwanja badala ya mshahara akikosana na msimamizi wake, analala wapi kesho?

Kuna mwingine asiyeonekana katika picha hii, kijana wa miji ya pwani hiyo, Florence au Port Orford, ambaye angeichukua kazi ya msimu. Msomaji wa Tanzania anamjua mwenzake: mhitimu wa ualimu anayefundisha bure akingoja ajira itangazwe. Yule wa Oregon hawezi hata kungoja kwa namna hiyo, kwa sababu sharti la kuingia ni kuwa na nyumba yenye magurudumu. Februari 2025 wafanyakazi wapatao 1,000 wa hifadhi za taifa walifutwa kazi kwa mpigo, kabla ya mahakama kuingilia kati mwezi uliofuata. Kila pengo la aina hiyo ni kishawishi cha kuwapa wastaafu koleo la pili.

Ninachopendekeza si kufuta utaratibu huu. Simulizi za mnarani, kamba za ndege, njia za kutembelea, yabaki kwa wenye mapenzi nayo. Usafi wa yurti, uuzaji wa kuni na uzoaji wa majivu viwe ajira ya saa chache kwa kima cha jimbo, kiwanja kikiwa juu yake, pamoja na notisi ya siku 30 kabla ya kuondolewa. Fedha itoke kwenye kodi ya mahema yenyewe. Uendeshaji wa hifadhi za Oregon tayari unategemea ada za wageni, sehemu ya mapato ya bahati nasibu ya jimbo, na sehemu ya ada za usajili wa magari hayahaya. Yaani mwenye RV wa Oregon anachangia mara mbili.

Nimesikia pingamizi kwamba mshahara utawaumiza wazee wenyewe, kwa sababu anayepokea mafao ya uzeeni ya serikali, Social Security, kabla ya umri kamili wa kustaafu hukatwa akipata zaidi ya kiwango. Kiwango cha mwaka 2025 kilikuwa dola 23,400. Saa 20 kwa wiki kwa dola 15, wiki 52 bila kupumzika hata moja, ni dola 15,600.