Ukurasa wa Familia: Vituo Viwili kwa Siku

Mwezi huu tunaanza na swali lililotoka darasani, na tukiri kwamba siku ile tulishindwa kulijibu vizuri.

Tulikuwa tunafundisha Kifaransa. Kitabu ni kile kile cha zamani, kurasa nyingine zimeshatoka, wanafunzi watano wanakichungulia pamoja. Ndani yake kuna picha ya mzungu na mke wake wamekaa nje ya hema, gari lao liko pembeni, mama anapika kwenye jiko dogo la gesi, baba anacheka. Mtoto mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, hawa nao walikimbia nini?"

Darasa zima likanyamaza kungoja jibu. Tukasema hawakukimbia kitu, wako likizo. Wakacheka sana. Mtu mwenye gari na nyumba ya matofali aende kulala kwenye hema kwa kupenda? Na mke wake akubali? Wakaona mwalimu anawadanganya.

Hatukuwadanganya. Huko Ufaransa jambo hili ni la kawaida, tena lina historia yake. Mwaka 1936 wafanyakazi waligoma nchi nzima, wakakaa ndani ya viwanda wasitoke, na serikali ya Léon Blum ikapitisha sheria kwamba kila mfanyakazi apate wiki mbili za likizo kwa mwaka huku mshahara wake unaendelea. Watu ambao hawajawahi kuiona bahari wakaanza safari. Pesa ya hoteli hawana. Wengine walipanda treni, wengine, mume na mke, walikwenda kwa baiskeli ya viti viwili, mmoja anakanyaga mbele na mwenzake nyuma, hema limefungwa kwenye keria. Siku hizi nchi ile ina maelfu ya viwanja vya kupigia mahema, vyenye maji, vyoo na umeme, na vinapewa nyota kama hoteli. Mtu analipia kila usiku. Ndiyo, analipa ili alale kwenye hema! Wazee wetu waisome sentensi hiyo mara mbili.

Lakini hilo bado si jibu la kumridhisha yule mtoto. Tulipotafuta zaidi tukakutana na habari ya mume na mke ambao safari yao ilikuwa ya ajabu kuliko ya picha ile, na ndiyo tunayotaka kuwasimulia.

Mume ni Julio Cortázar, mwandishi wa Argentina, nchi ya Amerika ya Kusini. Alihamia Paris mwaka 1951 kwa hiari yake, akawa anafanya kazi ya kutafsiri na kuandika vitabu. Machi 1976 jeshi likapindua serikali kule kwao. Watu wakaanza kukamatwa na kupotezwa, na Julio, ambaye alikuwa akiwasema wanajeshi hadharani, hakuweza tena kurudi. Yaani alitoka nyumbani kama msafiri, halafu akageuka mkimbizi pale pale alipo, bila kuvuka mpaka mwingine. Mwaka 1981 Ufaransa ikampa uraia. Mke ni Carol Dunlop, aliyezaliwa Marekani na kuishi Kanada. Yeye naye aliandika, na alipiga picha. Mume alimzidi mke kwa miaka zaidi ya 30. Wazee watasema yao, sisi tunapita.

Kutoka Paris mpaka Marseille, mji wa bandari kusini, kuna barabara kuu ya kulipia. Ni karibu kilometa 800. Wafaransa wanaiita Barabara ya Jua, kwa sababu kila kiangazi ndiyo inayowapeleka kwenye joto na bahari. Inapita Bourgogne kwenye mashamba ya mizabibu, inafika mji wa Lyon, halafu inafuata bonde la mto Rhône mpaka kusini. Mtu mwenye gari anaimaliza kwa siku moja. Kila baada ya mwendo fulani kuna kituo cha kupumzikia: miti, meza, choo, bomba la maji, na vingine vina duka na mafuta. Watu wanasimama robo saa, watoto wanajisaidia, wanaondoka. Hakuna anayekumbuka kituo.

Julio na Carol walijiwekea sheria. Wataitembea barabara hiyo yote bila kutoka nje yake hata mara moja. Watasimama katika kila kituo, viwili kwa siku, na usiku watalala katika kile cha pili, kiwe kizuri kiwe kibaya. Katika kila kituo watachunguza na kuandika, na mwisho wa safari kitoke kitabu.

Walimwandikia barua mkurugenzi wa kampuni ya barabara kuomba ruhusa, maana gari halikuruhusiwa kukaa humo zaidi ya siku mbili. Jibu halikuja. (Tunajua wengi wenu mmetabasamu hapo.) Wakaondoka hivyo hivyo, tarehe 23 Mei 1982, na kombi yao nyekundu ya Volkswagen. Kombi ilikuwa na tangi la maji na kiti kinachogeuka kitanda. Julio alikuwa mtu mrefu sana, tunaionea huruma miguu yake. Gari walilipa jina Fafner, lile joka la hadithi za kale za Ulaya. Wenyewe wakaitana Mbwa-mwitu na Dubu-mdogo.

Safari ya siku moja ikachukua zaidi ya siku 30. Vituo vilikuwa zaidi ya 60.

Walifanya nini muda wote huo? Waliandika. Walikuwa na taipureta, na viti vya kukunja ambavyo walivibeba mpaka chini ya miti, mbali na kelele za malori, wakafanya kazi hapo. Daftari lao la kila siku waliliandika kama la wale wavumbuzi wa zamani, mfano wa wale waliokutana hapa kwetu Kigoma, pale Ujiji, mwaka 1871: baridi ni kiasi gani, wamekula nini asubuhi, gari limeelekea upande gani, wadudu gani wameonekana kwenye majani. Wanaandika kwa uzito wote, kumbe wako kwenye maegesho ya malori. Marafiki wakawaletea chakula kibichi njiani, wakakipokea kama watu waliopotea jangwani. Ni mchezo, na walijua ni mchezo.

Hapa lazima tuseme wazi. Barabara ile ina uzio pande zote mbili. Ng'ambo ya uzio kuna mashamba na vijiji, na wao wakajikataza kwenda. Sisi tuna mpaka wa kambi, na atakayetoka bila kibali anajua kitakachompata. Wao wangechoka siku ya kumi wangewasha gari wakarudi nyumbani Paris wakaoge maji moto. Sisi hatuna gari la kuwasha. Anayesema maisha yetu na yale yanafanana, tutamkatalia, hata akiwa na nia njema.

Lakini kuna kitu kimetushika na hakituachii. Mahali ambapo kila mtu anapahesabu kuwa si mahali, pa kupita tu, hawa wawili walipaangalia. Waliupa kila mti jina lake na kila asubuhi tarehe yake. Sisi tuliozaliwa hapa tumezoea kusikia kwamba hapa ni pa kupita. Tumepita miaka ishirini na zaidi. Ni mara ngapi mtu wa kwetu amekaa akaandika: leo mwembe wa pale bombani umeanza kutoa maua?

Julio alikuwa ameshaiwaza barabara hii kabla. Mwaka 1966 alitoa hadithi fupi kuhusu foleni ya magari yanayorudi Paris Jumapili jioni kwa barabara ya kusini. Foleni inasimama. Masaa yanakuwa siku, joto linapita, baridi inaingia, na magari bado yako pale. Watu hawajuani majina, wanaitana kwa aina ya gari, kama sisi tunavyosema yule wa nyumba ya tatu, yule wa karibu na kisima. Wanachagua viongozi, wanagawana maji na chakula, gari moja linafanywa la wagonjwa. Bibi mmoja anafariki. Mhandisi mmoja na msichana wa gari la jirani wanapendana, na msichana anashika mimba. Halafu siku moja foleni inaanza kutembea. Kila mstari unakwenda kwa mwendo wake, na mhandisi anatazama gari la yule msichana linapotea, hawezi kusimama, nyuma yake wote wanakimbiza. Tumeisimulia hadithi hiyo kwa jirani yetu mmoja ambaye rafiki yake wa miaka kumi alipanda basi la kwenda nchi ya tatu. Alinyamaza, halafu akasema, "Huyo mwandishi aliwahi kukaa kambini?" Hakuwahi.

Turudi kwa wale wawili. Kuna jambo hatujalisema. Wote wawili hawakuwa na afya nzuri. Julio alilazwa hospitali mwaka 1981 akiwa katika hali mbaya, na safari yenyewe ilikuwa imeahirishwa. Walipokaa kwenye vile viti chini ya miti, kila mmoja alimjua mwenzake ni mgonjwa. Kwa hiyo zile sheria za kitoto, vituo viwili kwa siku, usitoke nje, usikimbize, tunaziona kwa jicho lingine. Barabara ya siku moja waliivuta ikawa mwezi. Ni mwezi waliokaa wawili tu, hakuna simu, hakuna mgeni asiyetarajiwa, hakuna mkutano.

Walifika Marseille mwezi Juni. Carol alifariki Paris tarehe 2 Novemba mwaka huo huo, akiwa na miaka 36. Kitabu kilikuwa hakijakamilika. Julio akakimaliza peke yake, kikatoka mwaka 1983 kwa Kihispania na kwa Kifaransa, chenye majina ya wote wawili, na picha zao na daftari lao na ramani zilizochorwa na mtoto wa Carol. Mapato yake yakapelekwa Nicaragua, nchi ambayo walikuwa wakiiunga mkono. Mwisho wa mwaka 1983, utawala wa kijeshi ulipoondoka Argentina, Julio alirudi Buenos Aires kusalimia. Tarehe 12 Februari 1984 akafariki Paris. Wamezikwa pamoja kwenye makaburi ya Montparnasse.

Jioni moja tuliwasomea wazazi wetu ukurasa huu, tukiwa nje, kabla ya kuupeleka kuchapwa. Wazazi wetu walitoka Fizi kwa miguu mwaka 1996, wakafika ziwani, wakavuka. Baba huisimulia njia ile wageni wakija. Mama haisimulii kabisa. Tangu tupate akili hatujamsikia.

Tulipofika pale pa vituo viwili kwa siku, Baba akaanza kuhesabu kwenye vidole. Cha kwanza chini ya mwembe. Cha pili shuleni, mvua. Cha tatu mtoni, pale tulipoacha sufuria.

"Baba watoto, umeruka kimoja," Mama akasema.

Baba akageuka.

"Sufuria tuliiacha kanisani. Mtoni tulifika bila sufuria."

"Pale kanisani tulilala siku mbili," Baba akasema polepole.

"Tatu," Mama akasema, akasogeza kigoda chake karibu.

Tukaingia ndani kuchukua daftari. Mpaka taa ya sola inazimika walikuwa wamefika kituo cha saba, wanabishana kuhusu rangi ya shuka, na ziwa bado liko mbali.