Fomu inasema «asante», lakini dosie haikufika

Kila juma, katika magrupu ya WhatsApp ya Goma, Bukavu, Bunia na Kalemie, matangazo ya kazi, ya mafunzo na ya kujiandikisha chuo kikuu yanapita mbio. Mengi yanamalizika namna moja: jaza fomu kwenye tovuti kabla ya tarehe fulani, dosie za mkononi hazitapokelewa.

Kijana anayetafuta kazi ananunua mega. Kama simu yake haitoshi, anaenda kwenye biro ya fotokopi yenye ordinatere, analipa skani ya diplome na ya karte ya uchaguzi, anajaza kila sehemu, kisha anabonyeza «Envoyer». Maneno ya kijani yanatokea: asante, ujumbe wako umetumwa. Anarudi nyumbani kungoja simu. Majuma yanapita, simu hailii. Mwishowe anasema kazi ilikwisha kupewa ndugu ya mkubwa fulani.

Pengine ni kweli. Lakini kuna jambo lingine ambalo watu wachache wanalifikiri: pengine dosie yake haikufika kwa mtu yeyote, na biro iliyotangaza kazi haijui hata leo kwamba fomu yake imekufa.

Fomu ya tovuti ni gishe. Anayefungua gishe ana lazima ya kuhakikisha kwamba nyuma ya dirisha kuna mtu anayepokea. Shirika, chuo kikuu ao ofisi ya serikali isiyojaribu fomu yake kabla ya kutangaza tarehe ya mwisho inawanyima watu haki yao, hata kama haikukusudia.

Barua inapotelea wapi

Tovuti nyingi za namna hii hazijengwi kuanzia sifuri. Zinasimama juu ya programu za bure kama WordPress, iliyoanza mwaka wa 2003 na ambayo leo inabeba zaidi ya tovuti 40 kwa kila 100 duniani, ao Drupal, iliyotolewa mwaka wa 2001 na Mbelgiji Dries Buytaert. Juu ya programu hiyo fundi anaongeza moduli ya kutengeneza fomu. Kwenye WordPress, inayojulikana sana inaitwa Contact Form 7. Kwenye Drupal ni Webform.

Moduli hizi mbili hazifanyi kazi sawasawa, na tofauti hiyo inamgusa mwombaji moja kwa moja. Webform inaweka kila jibu ndani ya hifadhi ya data ya tovuti. Contact Form 7, ikiachwa namna ilivyo siku ya kuwekwa, haitunzi kitu: inageuza majibu kuwa imeili, inaituma, basi. Imeili ikipotea, dosie imepotea. Dawa ipo na ni ya bure: moduli ya Flamingo, iliyotengenezwa na mtu yule yule, inatunza nakala ya kila ujumbe unaopita. Lakini lazima fundi aiweke.

Na imeili inapotea kwa urahisi. Kosa linalojulikana sana ni la fundi kuandika anwani ya mwombaji mahali pa mtumaji. Hapo seva ya tovuti inatuma barua inayodai kwamba imetoka Yahoo ao Gmail, wakati haikutoka huko. Tangu Aprili 2014, Yahoo inaomba seva za dunia nzima zikatae barua zinazobeba jina lake bila kutoka kwake. Tangu Februari 2024, Google nayo imekaza: anayetuma barua kwenda Gmail lazima aonyeshe kwamba seva yake ina ruhusa ya kutumia jina la tovuti ile. Barua isiyo na uthibitisho inarudishwa, ao inatupwa kati ya barua za matangazo ambazo hakuna anayezifungua.

Wakati huo wote, ukurasa umekwisha kusema «asante». Tovuti yenyewe inajua tu kwamba imekabidhi barua kwa seva. Kama barua ilifika, haijui, na haitauliza.

Kurekebisha hakuhitaji mradi wa wafadhili. Mahali pa mtumaji panawekwa anwani ya tovuti yenyewe. Anwani ya mwombaji inaenda mahali pa «mtu wa kujibiwa». Barua zinapitishwa kwenye akaunti ya kweli ya imeili yenye neno la siri, na jina la tovuti linaandikishwa alama mbili za uthibitisho, SPF na DKIM. Fundi anayeijua kazi hii anaimaliza siku moja.

Fomu isiyomjua Mkongomani

Kuna fomu nyingine ambazo hazijafa, lakini zilitengenezwa kwa ajili ya watu wa nchi nyingine. Fundi alichukua mfano uliokuwa tayari, akabadilisha rangi na nembo, akauacha hivyo.

Ubaya unaanza kwenye jina. Mkongomani ana nom, postnom na prénom. Mpangilio huo una historia yake: mwaka wa 1972, wakati wa Zaire, Mobutu alikataza majina ya kikristo na watu wakachukua majina ya kienyeji. Baadaye prénom zikarudi, lakini postnom ikabaki, na mpaka leo iko kwenye karte ya uchaguzi na kwenye diplome. Mbele ya fomu yenye sehemu mbili tu, mmoja anaunganisha postnom na nom, mwingine anaitia kwenye prénom, wa tatu anaiacha. Siku ya kulinganisha na diplome, majina hayafanani, na anayelipa kosa ni mwombaji.

Kisha simu. Namba ya Kongo inaandikwa kwa tarakimu 10 ikianza na 0, ao kwa +243 na tarakimu 9 nyuma yake. Sehemu iliyotengenezwa kwa ajili ya hesabu inakataa alama ya +. Na orodha ikifunguliwa ndani ya Excel bila uangalifu, sifuri ya mbele inaanguka, namba inabaki na tarakimu 9. Namba ya simu si hesabu, ni maandishi, na inapaswa kuwekwa kama maandishi.

Halafu kodi ya posta, tena yenye nyota nyekundu ya lazima. Mkaaji wa Katindo ao wa Kadutu anajua avenue yake, mtaa wake na komine yake, lakini hajui kodi ya posta ya nyumba yake. Anaandika 00000 ili apite. Fomu inayomlazimisha mtu kuandika uongo kabla ya kumpokea imekosa toka mwanzo, na dawa yake ni kuondoa nyota moja.

Picha nzito na ukurasa wa zamani

Waombaji wengi wanapiga picha ya diplome kwa simu. Picha ya simu ya leo inaweza kupita megabaiti 3. Contact Form 7, kama fundi hakuandika kipimo kingine, inakubali faili isiyozidi megabaiti 1. Chini yake kuna PHP, lugha ambayo programu hizi zimeandikwa kwayo. Kwa mpangilio wake wa kwanza, PHP inakubali megabaiti 2 kwa faili moja na megabaiti 8 kwa fomu nzima. Kipimo hicho cha mwisho kikipitwa, majibu yote yanatupwa kabla fomu haijayasoma, na mwombaji anaweza kurudishiwa ukurasa mtupu bila maelezo. Anaanza tena kujaza, na mega zinaisha.

Kuna pia ugonjwa wa ukurasa wa zamani. Fomu nyingi zinabeba alama ya usalama isiyoonekana, na kwenye WordPress alama hiyo inakufa ndani ya saa 24. Lakini ili tovuti ifunguke mbio, mafundi wanaweka moduli inayotunza kurasa na kuwapa wageni nakala ile ile. Nakala ikikaa siku mbili, alama iliyo ndani imekwisha kufa, na fomu inamkataa mtu ambaye hakukosa kitu. Fundi mwenyewe halioni kosa hilo, kwa sababu akiwa ameingia kwa akaunti yake mara nyingi anapewa ukurasa mpya. Dawa ni kuuondoa ukurasa wa fomu katika zile zinazotunzwa.

Na fomu inapokataa, inakataa kwa Kifaransa cha fundi ao kwa Kiingereza. Katiba inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba. Kwenye moduli hizi, maneno ya kosa yanaweza kubadilishwa bila kuandika programu: Contact Form 7 ina sehemu nzima ya kazi hiyo, na Drupal inakubali lugha nyingi kwenye tovuti moja. «Namba ya simu haijatimia, andika tarakimu 10» ni sentensi fupi. Inamwonyesha mama anayetaka kuandikisha malalamiko juu ya msaada mahali pa kurekebisha, asiikimbie fomu.

Na usalama wa majina?

Wakubwa wa mashirika wana jibu moja lenye uzito. Wanasema kutunza nakala za dosie kwenye tovuti ni hatari, hasa mashariki mwa Kongo, ambako orodha ya majina, simu na mitaa ya watu waliokimbia vita inaweza kuangukia mikononi mwa watu wabaya.

Hofu hiyo ni ya kweli. Desemba 2020, Contact Form 7 ilitoa toleo 5.3.2 ili kuziba tundu katika sehemu ya kupakia faili, wakati moduli ilikuwa kwenye tovuti zaidi ya milioni 5. Tovuti ambayo hakuna anayeisasisha ni nyumba isiyo na kufuli. Na tangu tarehe 13 Machi 2023, Kongo ina sheria yake ya mambo ya dijitali, Code du numérique, yenye kulinda habari za watu binafsi.

Lakini kupoteza dosie si njia ya kuzilinda. Nakala inayotumwa kwa imeili bila utaratibu inabaki miaka mingi ndani ya sanduku la sekretere na kwenye simu yake. Njia nzuri ni kuuliza machache. Kama kazi ni ya dereva, fomu haina haja ya kujua kabila, jina la baba ao idadi ya watoto. Picha ya karte ya uchaguzi inaweza kuombwa kwa wale tu waliochaguliwa kwa mahojiano. Kinachotunzwa kiwekwe tarehe ya kufutwa, na Webform ina mpangilio wa kufuta majibu ya zamani yenyewe.

Jaribio moja kabla ya tangazo

Hakuna haja ya kamati. Kabla ya tangazo kutoka, mkubwa wa biro amwite mfanyakazi asiyejua habari za ordinatere, ampe simu ya bei ndogo na mega za kawaida, amwambie ajaze fomu mpaka mwisho, na postnom yake, na picha ya diplome yake. Kisha wote wawili waende kuitafuta dosie hiyo. Kama haionekani kwenye sanduku la imeili na pia kwenye hifadhi ya tovuti, tangazo lingoje. Jaribio lirudiwe kila juma mpaka tarehe ya mwisho.

Na kila mwombaji apewe namba ya dosie mara tu anapomaliza, kama anavyopewa risiti kwenye gishe ya banki. Aliye na namba anaweza kuuliza dosie yake iko wapi, na biro italazimika kumjibu. Asiye na kitu mkononi anabaki kusema tu kwamba kazi ilipewa ndugu ya mkubwa, na hakuna mtu katika biro ile anayeweza kumwonyesha kwamba amekosea.