Msifunge geti la shule kwa ajili ya Idi yangu

Wapendwa wa group, ninyi wa Bwaise, Kazo, Kyebando na Kalerwe, pamoja na wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma kimyakimya bila kusema kitu, leo nitawaudhi baadhi yenu. Watu wa msikitini kwangu niliwaudhi tayari, kwa hiyo msijione mko peke yenu.

Nianze na Ijumaa tarehe 6 Juni 2025, Idi ya kuchinja. Nimetoka kusali, kanzu nimeipiga pasi ya mkaa tangu usiku, napita kando ya mfereji wa Nsooba kurudi nyumbani. Nikakuta watoto wawili ninaowafundisha Kiingereza mchana, kaka na dada, wanavuta gunia la chupa za plastiki. Mama yao anauza nyanya Kalerwe, anatoka kabla ya jua. Nikawauliza, mbona hamko shule? Yule msichana, yuko P.4, akanijibu kama mtu anayemfundisha mjinga: "Mwalimu, leo ni Idi." Nikamuuliza, na Idi ni kitu gani? Akafikiri kidogo. "Ni siku wanafunga shule."

Wale watoto si Waislamu, wanasali kwa walokole. Niliwachukua nyumbani wakala pilau, lakini lile gunia walikataa kuliacha nje, wakaingia nalo hadi ndani wakiogopa litaibwa. Mke wa kaka yangu alinitazama, mimi nikatazama sahani.

Basi toka siku ile nina neno moja ninalolibeba: shule za serikali zisifungwe kwa sababu ya sikukuu za dini. Anayesali aende akasali, asiguswe na mtu. Lakini geti libaki wazi kwa mtoto ambaye siku hiyo si yake.

Mimi ni Muislamu. Babu yangu ni mtu wa Kasongo, kule Maniema, na mnaojua Kongo mnajua maana yake. Mimi mwenyewe nilizaliwa Uvira. Kongo Idi si sikukuu ya serikali. Shule ziliendelea kama kawaida. Baba alikuwa anaandika barua kwenye karatasi ya daftari: mwalimu, mtoto wangu leo yuko kwenye Idi, kesho atakuja. Mwalimu wangu, Mkatoliki kabisa, aliisoma, akaikunja, akaiweka mfukoni. Kesho yake nilipewa daftari la mwenzangu ninakili. Hakuna siku nilijisikia nimenyimwa dini yangu. Tena nilijisikia mkubwa, maana nilikuwa na barua.

Nilipofika Uganda nikakuta Idi iko kwenye kalenda ya serikali, zote mbili. Sikatai, nilifurahi sana. Mkimbizi unatoka nchi ambayo siku yako haihesabiwi, unafika mahali Rais anakutakia Idi njema kwenye redio. Ni heshima. Sipigani na heshima hiyo. Ofisi zifungwe, benki zifungwe, mimi sina neno. Nasema juu ya shule, kwa sababu benki ikifungwa hakuna mtoto anayepelekwa kuokota chupa.

Sasa tuhesabu. Februari 16 ni siku ya Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa mwaka 1977 wakati wa Idi Amin. Kuna Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka. Kuna Idi mbili. Kuna Juni 3, Mashahidi wa Uganda. Krismasi siihesabu, shule ziko likizo. Ni siku kama sita, na nyingine zinaangukia wikendi. Kaka mmoja wa group aliniambia, "Wewe bana, unapiga kelele kwa siku sita tu?" Sawa. Chukua mwaka ule ule wa 2025. Jumanne tarehe 3 Juni, Mashahidi. Ijumaa tarehe 6, Idi. Jumatatu tarehe 9, Mashujaa, hiyo si ya dini lakini geti halijui tofauti. Toka Jumatatu tarehe 2 hadi Jumatatu tarehe 9 kulikuwa na siku sita za masomo, na shule ilifungwa tatu. Muhula wa pili ndiyo kwanza umeanza. Halafu mwezi huo huo walimu wa masomo ya sanaa wa sekondari wakagoma, wanataka mshahara kama wenzao wa sayansi (na wana haki, lakini hiyo ni habari nyingine). Halafu mvua. Wa Bwaise mnajua mvua ni nini, mtoto anabebwa mgongoni kuvuka barabara na daftari liko kichwani. Siku sita peke yake ni kidogo. Siku sita juu ya zile nyingine zote, kwa mtoto aliyefika katikati ya mwaka akawekwa P.3 na miaka kumi na tatu kwa sababu hajui Kiingereza, si kidogo hata kidogo.

Na sisi tuliokuwa hapa wakati wa korona hatuhitaji kuelezwa. Shule zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa kwa wote Januari 10, 2022. Karibu miaka miwili, hakuna nchi duniani iliyofunga muda mrefu kuliko hii. Wasichana niliosoma nao walirudi wengine na watoto mgongoni, wengine hawakurudi. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kufunga shule ni jambo dogo, mimi nasikia vingine.

Kitu kinachoniuma zaidi ni kwamba shule hazifungwi kwa wote. Pitia barabara za Kawempe siku ya sikukuu asubuhi mapema, ufungue macho. Utaona watoto wa P.7 wa shule za binafsi wanaingia kwa mlango wa nyuma, mabegi mgongoni, bila yunifomu. Wameambiwa wasivae ili mkaguzi asijue. Wanafundishwa siku nzima. Wote wataenda kufanya mtihani mmoja wa UNEB, yule aliyeingia kwa mlango wa nyuma na yule aliyekuwa anavuta gunia. Sikukuu imemwangukia nani, basi? Imemwangukia maskini. Tajiri ameiruka.

Najua hoja ya upande wa pili, na nataka kuisema vizuri kwa sababu dada aliyenipa ana akili kuliko mimi. Yeye ni Muislamu pia, toka Bujumbura. Alisema: "Kaka, ukiacha shule wazi siku ya Idi, mwalimu atatoa mtihani siku hiyo hiyo. Mtoto wetu atapata sifuri kwa sababu amesali. Wewe ulikuwa na mwalimu mzuri Uvira. Je, asiye na mwalimu mzuri?"

Hapo nilinyamaza siku mbili. Ana haki. Nilipokuwa sekondari hapa Kampala, shule nisiyoitaja, nilikaa dawati moja na kijana Msabato. Jumamosi tulikuwa na masomo, na jaribio la hesabu lilikuwa linafanywa Jumamosi. Yeye haji. Jumatatu anakuta sifuri, na mwalimu anamsimamisha mbele aeleze kwa nini yeye anampenda Mungu kuliko sisi. Darasa linacheka. Nilicheka na mimi. Kwenye ripoti yake hesabu zilimshusha mpaka chini, na kichwa chake kilikuwa kizuri kuliko changu.

Lakini angalieni vizuri mfano huo unasema nini. Kalenda yenye sikukuu za dini haikumsaidia kitu yule Msabato. Yeye alifungiwa shule siku ya Idi yangu na siku ya Mashahidi, siku ambazo hakuzihitaji, na ile aliyoihitaji hakupewa. Katiba ya mwaka 1995, kifungu cha 7, inasema Uganda haitakuwa na dini ya serikali, na kifungu cha 29 kinampa kila mtu uhuru wa kuabudu. Wanafunzi Wasabato wa Makerere, na Makerere iko ndani ya Divisheni yetu hii hii ya Kawempe, waliupeleka uhuru huo mahakamani kwa sababu ya masomo na mitihani ya Jumamosi. Mahakama ya Katiba iliwakatalia mwaka 2003. Wakakata rufaa, Mahakama ya Juu ikawakatalia mwaka 2006. Haki ya kuabudu ina mipaka, waliambiwa, na chuo hakijavunja Katiba.

Kwa hiyo ukiwa na kundi kubwa, nchi nzima inafungwa kwa ajili yako. Ukiwa na kundi dogo, unaambiwa uvumilie. Huo si uhuru wa dini, ni kuhesabu vichwa tu. Na sisi wakimbizi, ndugu zangu, tumetoka makundi madogo madogo. Kuna Waeritrea wa Orthodox ambao Pasaka yao mara nyingi haiangukii siku moja na ya hapa. Kuna Wakimbangu wa kwetu. Kuna Wasabato wengi wa Kivu na wa Burundi. Huwezi kuwafungia wote, mwaka utaisha.

Kenya walienda njia nyingine. Kanisa la Wasabato lilishindwa Mahakama Kuu, likakata rufaa, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa ikasema wanafunzi Wasabato wa shule za serikali waachiwe Sabato yao, toka jua linapozama Ijumaa hadi linapozama Jumamosi. Shule haikufungwa. Aliyeruhusiwa ni mtoto. Ni ile barua ya baba yangu, ila hii ina muhuri wa mahakama.

Ndiyo jibu langu kwa dada wa Bujumbura. Tusiombe geti lifungwe, tuombe barua iheshimiwe. Siku ya sikukuu ya dini yoyote, mtihani usitolewe, somo jipya lisianze. Kwenye rejista asiandikwe mtoro, iandikwe kwamba yuko ibada. Mwalimu Muislamu aende Idi, wenzake Wakristo wabaki na watoto. Ijumaa Kuu ibadilishwe, Waislamu ndio wabaki. Mwalimu aliyebaki alipwe siku nyingine ya kupumzika. Ni kazi ya kupanga zamu, kila hospitali inafanya hivyo, Mulago haijafungwa hata Idi moja.

Na hao watakaobaki shuleni siku hiyo wafundishwe basi ni siku ya nini! Hapa ndipo ninapokasirika kweli. Juni 3 barabara zinajaa watu wanaotembea kwenda Namugongo, wengine wametembea kwa wiki kadhaa, na mtoto mkimbizi wa Bwaise anawaangalia hajui wanaenda wapi, kwa sababu siku ya kumweleza ndiyo siku shule imefungwa. Hajui kwamba mwaka 1886 vijana wa umri wetu walichomwa moto pale kwa amri ya Kabaka Mwanga, Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Hajui kwamba kabla yao, miaka ya 1870, Kabaka Muteesa aliwaua Waislamu huko huko Namugongo kwa sababu walikataa kula nyama aliyochinja asiye Muislamu. Mimi mwenyewe hilo la Waislamu niliambiwa na mzee mmoja nje ya msikiti. Darasani sikulisikia hata siku moja. Tukio ambalo lingeweza kuwakalisha watoto wa dini zote kwenye benchi moja, sisi tumeligeuza kuwa siku ya kulala.

Sasa ninyi wa mashirika. Nilijitolea Nakivale miaka miwili, kwenye sehemu ya watoto kuchezea na kusoma. Nilivaa fulana yenu. Kila sikukuu ya serikali tulifunga na sisi, kwa sababu ofisi imefunga na gari halina dereva. Yaani shule imefungwa, na mahali pekee pengine pa mtoto napo pamefungwa, siku ile ile. Halafu mwisho wa mwezi tunajaza fomu ya mahudhurio, na siku za sikukuu hazimo kwenye hesabu, kwa hiyo kwenye karatasi hakuna aliyekosa kitu. Niliijaza mwenyewe fomu hiyo, wala sikuona kasoro. Ninachoomba hakihitaji pesa mpya. Wapeni wa kujitolea funguo. Sisi tuko pale pale, hatuna pa kwenda, na Nakivale Wasomali na Wakongo wangepokezana bila kuambiwa mara mbili.

Serikali haitabadilisha kalenda kwa sababu ya kijana mmoja wa Kawempe mwenye cheti cha S.4, najua. Kwa hiyo naanza na kile ninachoweza. Ufunguo wa chumba chetu cha masomo ninao mimi. Toka sasa siku za sikukuu za dini tutafungua saa tatu asubuhi hadi saa nane, kusoma na uji. Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka nitakaa mimi. Dada wa Bujumbura amekubali Juni 3, ingawa ameniambia bado hajakubaliana na mimi. Natafuta Wakristo wawili wa kukaa siku za Idi, mmoja awe anajua hesabu za P.6. Sukari tunayo ya kutosha mara mbili, unga bado.